Nilivyoacha kuwagawia walimu wa kingereza mada za utafiti

Niseme ukweli mapema, mimi nilikuwa mgawa mada. Kwenye semina mwalimu akinyoosha mkono akasema madam mi sijapata tatizo la kufanyia utafiti, natoa karatasi kwenye pochi, ina mada 14 nimezichapa mwenyewe, namwambia chagua hapo. Anachagua namba 6, jirani yake naye anachukua namba 6 hiyo hiyo anabadilisha jina la shule tu, alafu wote tunaenda kula tumefurahi. Nikiikumbuka ile karatasi sasa hivi naona aibu.

Nimefundisha kingereza sekondari miaka mingi huku kwetu Mara, shule za kata hizi, ndio nikaingizwa kwenye kazi ya kuwasaidia walimu wenzangu, kwanza kwenye mradi mmoja uliokuja ukaondoka, baadaye kwenye jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), zile ambazo walimu wanakaa wenyewe shuleni kwao wanajadili ufundishaji wao bila kusubiri mtu kutoka mkoani. Humo ndio tunakutana na utafiti tendaji, ambao walimu wenyewe wanauita ekshen risechi. Jina kubwa ila jambo lenyewe dogo: kuna kitu hakiendi darasani kwako, unakitazama vizuri, unabadilisha namna yako ya kufanya, unatazama tena kama kimesogea, hakijasogea unabadilisha tena. Kugumu ni pale mwanzo kabisa, kukijua hicho kitu chenyewe. Mtu akikosea hapo muhula mzima anahangaika na kivuli.

Semina zangu za zamani nilikuwa naanza na Kurt Lewin, slaidi nzima na picha yake. Myahudi wa Ujerumani, mwanasaikolojia, akakimbilia Marekani 1933 Hitler alipokamata nchi, na mwaka 1946 akaandika makala ambayo kila mtu anaitaja akiongelea chanzo cha utafiti tendaji. Alafu namleta Lawrence Stenhouse wa Uingereza, miaka ya 70, yeye alikuwa anasisitiza mwalimu awe mtafiti wa darasa lake mwenyewe asiwe mtu wa kupokea tu matokeo ya maprofesa. Ni mambo mazuri, siyakatai. Lakini saa nane mchana, watu wametoka kula ugali na sato, feni haizunguki, ukiwawekea Lewin wanalala, na wale wasiolala wanatoka pale wakiamini utafiti ni mali ya wazungu waliokufa na ili uufanye lazima utafute maneno yanayofanana na yao. Kwa hiyo wanakuletea mada zinazofanana na tasnifu.

Aliyenitoa tongotongo ni kijana mmoja mwalimu wa Form Two, mwaka wake wa tatu kazini. Yeye hakutaka karatasi yangu, alikuja na mada yake ameshaichapa na kuiwekea kava ya plastiki, ukiileta kwa kiswahili ilikuwa hivi: athari za lugha mama katika umilisi wa kingereza kwa wanafunzi wa sekondari Tanzania. Nikamuuliza sasa mwalimu, Tanzania nzima hii utaizunguka na bodaboda? Akacheka. Nikamwambia weka hiyo pembeni kwanza, niambie wiki iliyopita, darasani kwako, ni kitu gani kilikukera mpaka ukarudi nacho nyumbani.

Akanyamaza muda. Alafu akasema, madam kinachonikera ni kimya. Nauliza swali darasa zima linaangalia chini ya madawati kama vile nimewaomba mchango wa msiba.

Hapo nikajua tumepata, ingawa yeye bado alikuwa anaiangalia ile kava yake kwa huruma.

Sasa alivyo mwalimu akishasema kero yake anakimbilia sababu hapo hapo. Hawana msamiati, wanaogopa kuchekwa, wametoka msingi wamesoma kwa kiswahili miaka saba alafu wamefika Form One ghafla kila kitu kingereza, bailojia kingereza, jografia kingereza, zile wiki chache za kuwazoesha lugha mwanzoni mwa mwaka haziwatoshi. Yote yana ukweli. Nilimwambia usinipe sababu, nipe hesabu. Tukachora ramani ya darasa lake kwenye karatasi, madawati yote, wanafunzi 71. Akamuomba mwalimu wa jografia rafiki yake akae nyuma kipindi kimoja, dakika 40, kila mwanafunzi anayefungua mdomo kusema kingereza anawekewa tiki kwenye kiti chake.

Waliosema ni sita. Wanne kati yao wanakaa upande wa dirishani, mbele, pale anaposimamaga mwalimu akiandika ubaoni. Hiyo tulitegemea kidogo. Tusichotegemea ni kwamba yule wa jografia alichoka kuweka tiki (maana hakukuwa na za kuweka) akaanza kucheza na stopwochi ya simu, akawa anapima kuanzia jamaa akimaliza kuuliza mpaka aanze kujijibu mwenyewe. Sekunde moja. Sekunde moja na nusu. Mara moja tu zilifika tatu, na hiyo ilikuwa ni kwa sababu chaki ilimdondoka.

Kuna mama mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, kwenye miaka ya 70 alipima hiki kitu kwenye madarasa ya sayansi akakuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu, na akaona wakijilazimisha kufika tatu na kuendelea wanafunzi wanajibu kwa urefu zaidi na wanaojitokeza wanaongezeka. Na hao ni watoto wanaoulizwa kwa lugha wanayoota nayo ndoto. Huyu wetu wa Form Two inabidi aelewe swali, alitafsiri, apate jibu kwa kiswahili au kijita, alirudishe kwenye kingereza, alafu atafute ujasiri wa kusimama, yote hayo kwa sekunde moja na nusu. Kijana alivyoona zile namba alininunia siku mbili hakujibu meseji. Siku ya tatu akaandika, madam kumbe tatizo sio lugha mama, mi nauliza alafu najijibu.

Hiyo sentensi yake ndio ikawa mada. Sio nzuri kwenye kava lakini unaweza kuifanyia kitu Jumatatu asubuhi. Alichofanya, akishauliza anahesabu vidole vyake vitano nyuma ya mgongo, alafu wanafunzi wanaambiana jibu na jirani wa dawati kwa dakika moja, lugha yoyote, ndipo anachagua mtu wa kusema kwa kingereza. Hapo kwenye lugha yoyote palizuka ugomvi maana shule yao ina lile bango la kukataza kiswahili, na mwalimu wa zamu alipita akasikia darasa la kingereza linaongea kiswahili akaenda kushtaki kwa wa taaluma. Mi msimamo wangu unajulikana, mtoto asipopewa pa kufikiria hatakuwa na cha kusema, hata umpige faini ya mifagio kumi. Lakini nilimwambia usianzishe vita, nenda kwa mkuu wako muonyeshe ile ramani yenye tiki sita, mwambie unajaribu wiki nne tu. Mkuu akakubali, tena akaomba na yeye aje kukaa nyuma.

Baada ya wiki nne waliosema kwenye kipindi kimoja walikuwa 19. Yeye mwenyewe hakuridhika, akasema wengi wanarudia sentensi ya mwenzao, wale wa nyuma kulia bado hawajasogea. Nikafurahi kuliko ile 19 yenyewe, maana alikuwa ameshaliona tatizo la pili bila mimi kumuuliza.

Tangu hapo nikaichana ile karatasi ya mada 14. Lakini kuchana karatasi ni rahisi, kazi ni kujizuia mdomo, maana mtu akikaa mbele yako anahangaika kutafuta tatizo lake mkono unawasha umpe la kwako. Na mimi nilikuja kujirekodi kwenye simu nikiwa naongea na mwalimu mmoja, nikakuta kila nikimuuliza swali namalizia mwenyewe, "tatizo lako ni nini, ni msamiati eeh?" Na yeye anasema ndiyo madam. Namcheka kijana wa watu na sekunde zake kumbe mi ni yule yule tu. Yule mwalimu tulimaliza naye saa nzima akaondoka na tatizo langu mimi, muhula mzima akafanya kitu cha msamiati ambacho hakukijali, na ripoti yake ilikuwa kurasa tatu za kunipendeza. Hilo kosa ni langu, yeye sina la kumlaumu.

Kisa cha pili ni cha mama mmoja, mkubwa kwangu, anakaribia kustaafu, mimi namwamkia shikamoo dada na yeye ananiita mdogo wangu hata mbele za watu. Yeye alikuwa na uhakika mia kwa mia kwamba tatizo la darasa lake la Form Three ni r na l. Kwetu huku si mnajua, mtu anataka kurara mapema na anaenda kurima, na kwenye kingereza ndio hivyo hivyo, play inakuwa pray, na kwenye daftari wanaandika vile wanavyotamka. Dada akasema hii ni aibu ya mkoa mzima naimaliza kabla sijastaafu.

Nikasema sawa dada, lakini kabla hatujaanza tuchukue daftari 20 tu, insha ya mwisho, tuhesabu makosa tuone. Tulikaa kwenye mti nje ya ofisi ya walimu, yeye na kalamu nyekundu mi na bluu, na tukagawanya ukurasa sehemu sehemu: r na l huku, nyakati za vitenzi huku, he na she huku, mengine huku. Tulivyofika daftari la nane dada akavua miwani. R na l zilikuwa mbili tatu kwa daftari, mengine hakuna kabisa. Ila "did not went", "did he came", "I didn't saw", hiyo ilikuwa mvua. Na he kwa she, mama yangu he is a farmer, hiyo nayo haikosekani, ambayo ukiifikiria sio ujinga, kiswahili yeye ni yeye tu, analima ni analima tu awe baba awe mama, mtoto hajawahi kudaiwa na lugha yake achague jinsia kila anapofungua mdomo. Na ile nyingine ya my father he is, ambayo ni ile a- ya kiswahili, ya baba analima, imevaa suti.

Sasa kwa nini dada alikuwa anasikia r na l peke yake? Kwa sababu r na l ndio inayochekesha. Ndio anayochekwa nayo yeye mwenyewe akienda Dar. Did not went haimchekeshi mtu, inapita. Hiki kitu nimekiona kwa walimu wengi sana, tatizo tunalolisikia ni lile linalotuuma sisi, na lile linalomtesa mtoto kwenye mtihani liko kwenye daftari limejilalia. Ndio maana siku hizi mwalimu akinijia na tatizo namuomba aje na daftari 20 au na chochote kinachoonekana, na nikikaa naye tunahesabu kabla hatujapiga stori. Mara nyingi tatizo alilokuja nalo halitoki nalo pale kwenye mti.

Lakini kwa huyo dada mimi pia nilipigwa darasa. Alishachagua, atashughulika na did tu, muhula mmoja, na badala ya kusahihisha kila kosa kwa nyekundu mpaka daftari linavuja damu, atapigia mstari makosa ya did peke yake bila kuyasahihisha, mtoto atasahihisha mwenyewe kwa kuandika upya chini yake, na insha inayofuata haipokelewi mpaka ile ya nyuma imerudiwa. Ana wanafunzi 88 kwenye mikondo miwili, A na B. Mimi na elimu yangu ya chuo nikaona pazuri hapa, nikamwambia dada hii njia ifanye A tu, B waendelee kama zamani, mwisho wa muhula tulinganishe tuone tofauti, hapo utafiti utakuwa na nguvu.

Akaniangalia. Akasema, mdogo wangu, na hao wa B ni watoto wa nani?

Sikuwa na jibu. Akaendelea, kama naamini dawa inatibu nawanyimaje wengine ili wewe upate cha kulinganisha, na kama siamini nawapaje hao wa A? Tukafanya kwa wote 88, tukalinganisha insha ya Februari na ya Mei za mtoto yule yule, basi, na kwa ekshen risechi inatosha kabisa maana hapa hatutafuti kuithibitishia dunia kitu, tunataka kujua kama darasa la dada limesogea. Makosa ya did yalipungua kwa wengi. Yale ya he na she yalibaki pale pale kwa sababu hayakuguswa, na dada akasema hayo atamwachia atakayempokea darasa.

Niwaambie na walioshindwa maana semina huwa hawaletwi hao. Kuna mwalimu mmoja wa kiume, mchapakazi, tatizo lake lilikuwa upungufu wa vitabu. Na ni kweli, alikuwa na vitabu vinne vya kiada darasa la watu 60 na kidogo. Nilimruhusu aendelee nalo kwa sababu lilikuwa la kweli, nikadhani ukweli unatosha. Akaandika kurasa nyingi za kuthibitisha vitabu havipo, akahoji wanafunzi vitabu vipo, wakasema havipo, akamhoji mkuu wa shule, akasema havipo ila tumeomba. Mwisho wa muhula mapendekezo yake ilikuwa serikali ilete vitabu. Hakuna hata siku moja alibadilisha kitu darasani. Nililazimika kumwambia mwalimu umeandika barua ya malalamiko nzuri sana. Akaumia, na ana haki, mi ndio nilimwacha aende nalo.

Nilichopaswa kumuuliza ni hiki: Jumatatu una vitabu vinne na watoto 60, vinne hivyo utavifanyaje tofauti na ulivyovifanya Ijumaa iliyopita? Hapo hatuongelei tena vitabu, tunaongelea kusoma kwa makundi, au kifungu kuandikwa kwenye karatasi kubwa za manila jioni, au msomaji mmoja wengine wanasikiliza wakitafuta jibu. Hayo yako mikononi mwake. Mwaka uliofuata sikumpata tena, amehamia masomo mengine, anafundisha historia tu sasa.

Kutokana na yeye kuna maneno nimeyapiga marufuku kwenye kikao cha kuchagua tatizo. Hawana msingi, marufuku. Wazazi hawana mwamko, marufuku. Hawapendi kusoma, marufuku mpaka uniambie ulimuona nani, siku gani, akifanya nini. Walimu wananiona nina roho mbaya, kuna mmoja aliniuliza kama na neno mishahara limepigwa marufuku nikamwambia hilo tunaliongelea kwenye chai. Sio kwamba hayo ni uongo. Ni kwamba ukishayasema hakuna kinachobaki cha wewe kufanya, umeshajitoa kwenye picha, umebaki unamwangalia mtoto na mzazi wake wakishindwa.

Kitu kingine ambacho nilikichukulia poa ni kalenda. Tatizo linaweza kuwa zuri, dogo, la mwalimu mwenyewe, na bado likafa kwa sababu ya mwezi. Madam mmoja alianza Septemba na Form Four, kusoma kwa ufahamu, mpango mzuri mno. Septemba hiyo Form Four wako kwenye mitihani ya majaribio ya mkoa, sijui ya ujirani mwema, alafu Novemba mtihani wa taifa umefika, akabaki hana darasa la kulitazama. Form Two nao wana mtihani wao wa taifa mwishoni mwa mwaka hivyo hivyo. Siku hizi nawaambia mkitaka kupumua chukueni Form One au Form Three, anzeni wiki ya tatu ya Februari vurugu za kufungua shule zimeisha, na msipange kitu kinachozidi wiki sita maana katikati kuna michezo ya UMISSETA, kuna wiki ya mvua ambayo watoto wako shambani, kuna mgeni wa wilaya. Wiki sita za kwenye karatasi ni nne za kweli.

Na hili nalo nilijifunza kwa kumuumiza mtoto. Mwalimu mmoja alikuwa anafuatilia makosa ya spelingi, akaona aandike makosa halisi kutoka kwenye daftari ubaoni wayajadili, mimi nikampongeza kabisa kwamba huo ni ushahidi wa kweli. Ila hakubadilisha sentensi, na darasa likajua hiyo sentensi ni ya nani kwa sababu ilikuwa inaongelea kazi ya baba yake ya kuvua dagaa. Wakamwita jina la hilo kosa lake mpaka muhula ukaisha. Kijana hakuandika tena insha zaidi ya mistari minne. Sasa kabla mwalimu hajaniambia atakusanya nini namuuliza nani ataonekana humo. Changanya sentensi za watu, tunga yako yenye kosa lile lile, ficha kazi ya baba na jina la kijiji. Na wanafunzi waambiwe kwamba mwalimu anajaribu kitu. Walimu wanaogopa hiyo ya kuwaambia, wanahisi watadharauliwa, lakini mimi sijaona darasa lililomdharau mwalimu kwa kusema nataka kuona kama njia yangu inawasaidia. Nimeona kinyume chake, kuna Form One moja walianza kumkumbusha mwalimu, tichaa, leo hujahesabu.

Swali ninaloulizwaga sana ni lini mtu ajue hili ndilo tatizo lenyewe aache kutafuta. Mimi kipimo changu ni cha kienyeji. Mwalimu akiweza kunieleza tatizo lake tukiwa tumesimama kituoni tunasubiri hiace, bila karatasi, na mama anayeuza ndizi pembeni yetu akaelewa, hapo limekaa. Kama anahitaji kufungua laptopu kunieleza, bado. Yule dada wa did alilisema hivi: watoto wangu wanaweka wakati uliopita mara mbili, na mimi kila siku nawasahihishia badala ya wao kujisahihisha. Muuza ndizi mwenyewe akachangia kwamba hata mwanae ndio hivyo hivyo, unamfulia kila siku hatajua kufua.

Na awe anaona haya kidogo. Hili siwezi kuliandika kwenye mwongozo lakini nimeliona mara nyingi, tatizo la kweli mtu analisema sauti inashuka. Anayesema kwa sauti kubwa na kwa kujiamini mara nyingi anaongelea makosa ya watu wengine.

Yule kijana wa sekunde moja na nusu amehamishwa, yuko shule nyingine sasa upande wa ziwani, Form One mikondo mitatu. Wiki iliyopita kanitumia voisi ndefu, anasema madam huku hawana kimya, huku wanaongea wote kwa pamoja, nikiuliza swali linajibiwa na watu 30, kwa kiswahili, na hakuna anayemsikiliza mwenzake, je naweza kutumia ripoti yangu ile ile ya kule nibadilishe jina la shule tu? Nilicheka nikamuuliza umeshachora madawati? Akasema hajachora, shule haina mwalimu wa jografia kwa sasa, ila kuna dada wa field wa kiswahili amekubali kukaa nyuma na kalamu kipindi cha Jumanne.